LibreOffice Writer na ukataji wa maneno: tathmini kwa wanaochapa vijitabu Kisumu, Kakamega na Nakuru

Kijitabu cha mazishi kinachoandaliwa Kisumu, Kakamega au Nakuru hubeba lugha mbili au tatu kwa pamoja: wasifu wa marehemu kwa Kiingereza, ratiba na shukrani kwa Kiswahili, salamu za jamaa kwa Dholuo, Kiluhya au Ekegusii. Karatasi ni A4 iliyokunjwa mara moja, maandishi yamepangwa katika safu mbili, na familia inataka kingo zote mbili zinyooke kama za gazeti. Kazi hiyo hufichua udhaifu wa programu ya kuandikia upesi sana. Tathmini hii inaiangalia LibreOffice Writer kwa jambo moja tu, yaani namna inavyokata neno mwishoni mwa mstari. Uamuzi wetu: mtambo wake wa kukata ni mzuri na hauna malipo; kwa Kiingereza unafanya kazi vizuri ukiukinga na maneno machache yenye sura mbili; kwa Kiswahili umekuja bila faili ya kukatia, ila faili hiyo mtu anaweza kuiandika mwenyewe kwa mistari 48.

Kwanza hesabu, kwa sababu tatizo lote linatoka hapo. Ukurasa wa A5 una upana wa milimita 148. Ondoa pambizo ya milimita 12 kila upande na nafasi ya milimita 6 katikati, kila safu inabaki na milimita 59. Kwa fonti ya pointi 11, mstari unachukua herufi kama 33. Sasa weka hapo neno tutakapowasindikiza, lenye herufi 19. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiima, wakati, kirejeshi na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hivyo neno refu si jambo la nadra katika lugha hii. Neno hilo lisipoenea, linaruka zima zima hadi mstari unaofuata, na maneno matatu yaliyobaki nyuma yanavutwa hadi yajaze upana wote. Ndiyo mapengo meupe unayoyaona katika vijitabu vingi. Ukiacha ukingo wa kulia bila kuunyoosha, mapengo yanatoweka, na kwa bango au barua hilo linatosha kabisa. Kwa safu mbili nyembamba haliridhishi, maana ukingo wa safu ya kushoto unabaki na meno marefu mbele ya safu ya kulia.

Kuwasha ukataji ni rahisi. Bonyeza F11 ufungue orodha ya mitindo, bofya kulia kwenye mtindo wa aya unaoutumia, chagua kuuhariri, nenda kwenye kichupo cha "Text Flow" na utie alama kwenye "Automatically" chini ya "Hyphenation". Fanya hivyo kwenye mtindo, usifanye kwa aya moja moja, la sivyo aya utakayobandika baadaye itakuja bila mpangilio huo. Hapo hapo kuna vipimo vinavyostahili kubadilishwa. Idadi ya mistari inayofuatana yenye kistari huja ikiwa 0, maana yake haina kikomo, weka 2. Katika matoleo mapya kuna sehemu ya kuzuia neno la herufi kubwa lisikatwe na nyingine ya kuzuia neno la mwisho wa aya. Tia alama zote mbili, kwa sababu katika tanzia majina huandikwa kwa herufi kubwa. Kwenye mtindo wa vichwa, zima ukataji kabisa.

Baada ya hapo programu inategemea kitu kimoja: lugha uliyoyapa maandishi. Writer haikisii lugha. Inasoma alama ya lugha iliyowekwa kwenye kila kipande cha maandishi, kisha inatafuta faili ya ukataji ya lugha hiyo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Maandishi ya Kiswahili yaliyopigwa kwenye kompyuta iliyosetiwa Kiingereza yanabeba alama ya Kiingereza, na yatakatwa kwa kanuni za Kiingereza. Kiingereza hupenda kutenganisha konsonanti mbili zilizo kati ya irabu, kama katika win-dow na num-ber, kwa hivyo nyumba na kitanda zitaelekea kukatwa kati ya m na b, kati ya n na d. Kiswahili hakitenganishi hapo. Silabi zake ni nyu-mba na ki-ta-nda. Mb na nd huenda pamoja na irabu inayofuata.

Lugha ya kipande chochote inaonekana kwenye upau wa chini wa dirisha, na ukiibofya unaweza kuibadilisha. Mambo mawili huirudisha kwenye Kiingereza bila mtu kutambua. La kwanza ni kibodi: Writer kwenye Windows hufuata lugha ya kibodi, hadi uende "Tools", kisha "Options", sehemu ya lugha, na utie alama kwenye "Ignore system input language". La pili ni kubandika. Maandishi yanayotoka kwenye faili ya Word au ukurasa wa wavuti huja na alama zake. Bandika kwa Ctrl+Alt+Shift+V, yaingie maneno matupu bila mtindo wowote.

Upande wa Kiingereza, mbinu inayotumika ni ile ambayo Frank Liang aliikamilisha katika tasnifu yake ya 1983 katika Chuo Kikuu cha Stanford, alipokuwa akifanya kazi na Donald Knuth kwenye TeX, programu ya kupanga chapa. Badala ya kuhifadhi kila neno la kamusi pamoja na vistari vyake, programu huhifadhi ruwaza: vipande vifupi vya herufi vyenye tarakimu katikati. Tarakimu witiri (1, 3, 5) huruhusu kukata mahali hapo, tarakimu shufwa (2, 4) hukataza, na ruwaza mbili zikigongana, tarakimu kubwa hushinda. Faili ya Kiingereza ya TeX ilikuwa na ruwaza 4,447, na hata hivyo ilibidi maneno 14 yaorodheshwe kando kwa sababu ruwaza hazikuyaweza. Kati ya hayo 14 kuna present, presents, project na projects, na yote manne yameorodheshwa bila kistari chochote ndani yake. Yaani agizo ni kwamba yasikatwe kamwe.

Sababu yake inafaa kueleweka na kila anayechapa Kiingereza. Present ni zawadi, ni wakati wa sasa, ni mtu aliyehudhuria, ni kukabidhi, ni kuwasilisha hoja mbele ya mkutano. Maana ni nyingi, ila mahali pa kukata ni pawili tu. Likiwa nomino au kivumishi, mkazo uko mwanzoni na neno hukatwa pres-ent. Likiwa kitenzi, mkazo unahamia mwishoni na neno hukatwa pre-sent. Programu haijui kama sentensi inasema watu walikuwepo au walikabidhi shada la maua. Inaona herufi saba zilezile. Record ni hivyohivyo: rec-ord kwa kumbukumbu, re-cord kwa kurekodi. Project: proj-ect kwa mradi, pro-ject kwa kutokeza au kukadiria. Desert ni des-ert kwa jangwa na de-sert kwa kutoroka. Refuse ni ref-use kwa takataka na re-fuse kwa kukataa. Minute ni min-ute kwa dakika na mi-nute kwa kitu kidogo mno. Waandishi wa kumbukumbu za chama wasihangaike sana na hili la mwisho: minutes za mkutano ni min-utes siku zote.

Wingi wa maana peke yake hausumbui. Neno set lina maana zaidi ya 400 katika toleo la pili la Oxford English Dictionary la 1989, na halijawahi kumpa mpanga chapa shida yoyote, kwa sababu lina silabi moja na halikatwi. Shida huja pale tofauti ya maana inapohamisha mkazo ndani ya neno lenye silabi mbili au zaidi.

Dawa yake katika Writer ni kamusi ya mtumiaji, na tunaihesabu kuwa sehemu bora ya programu hii kwa kazi ya uchapaji. Fungua "Tools", "Options", sehemu ya lugha, kisha "Writing Aids". Chagua kamusi iitwayo "standard", bofya kuihariri, andika present= na uongeze. Alama ya usawa mwishoni ina maana neno lisikatwe popote. Ukiiweka katikati, kwa mfano min=utes, neno litakatwa hapo tu. Ingiza record=, records=, present=, presents=, project=, projects=, object=, objects=, subject=, subjects=, desert=, refuse=, produce= na minute=. Huna haja ya kuingiza presented au recording, maana hayo ni ya kitenzi siku zote na mkazo wake hauhami. Hakikisha kamusi hiyo imewekwa kwa lugha zote, isiwe ya lugha moja tu.

Jambo moja zaidi kuhusu Kiingereza, kisha tuliache. Wamarekani hukata kwa kufuata matamshi, Waingereza hufuata zaidi muundo wa neno na asili yake. Knowledge ni knowl-edge kwa Wamarekani na know-ledge kwa Waingereza. Shule na makanisa yetu huandika Kiingereza cha Uingereza, kwa hivyo chagua "English (UK)" kwa kitabu chote. Usichanganye mbili katika kijitabu kimoja. Ndivyo neno lilelile linavyokatwa kwa namna mbili katika kurasa zinazotazamana.

Kiswahili sasa. Writer inakuja na kamusi ya tahajia ya Kiswahili cha Tanzania, na hilo ni jema, ila tahajia na ukataji ni faili mbili tofauti. Faili ya ukataji ya Kiswahili haimo. Ukiweka lugha iwe Kiswahili bila kufanya lolote zaidi, maneno hayakatwi kabisa, na mapengo yanabaki. Kamusi ya mtumiaji haikuokoi hapa, kwa kuwa programu huisoma tu ikiwa lugha hiyo tayari ina mtambo wa kukatia. Hili ndilo pungufu kubwa la bidhaa hii kwa mtumiaji wa Afrika Mashariki. Linasikitisha zaidi kwa sababu Kiswahili ni miongoni mwa lugha rahisi kuandikiwa faili ya aina hiyo.

Urahisi wake unatokana na silabi wazi. Karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hivyo kanuni ya msingi ni moja: kata baada ya irabu. Kiingereza kilihitaji maelfu ya ruwaza. Kiswahili kinaanza na tano. Fungua Notepad uandike:

UTF-8
LEFTHYPHENMIN 2
RIGHTHYPHENMIN 3
a1
e1
i1
o1
u1

Mstari wa kwanza unataja usimbaji, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa ndani ya faili. Wa pili unasema zisibaki herufi chini ya mbili kabla ya kistari, ili anasoma isiache a peke yake. Wa tatu unasema zisiende herufi chini ya tatu kwenye mstari unaofuata. Vipimo vya mtindo wa aya katika Writer navyo vina nambari zake, na kubwa kati ya hizo mbili ndiyo hutawala. Kwa ruwaza hizo tano tu tutakapowasindikiza inakatika vizuri: tu-ta-ka-po-wa-si-ndi-kiza. Ny, sh, ch, dh, gh, th na ng' haziwezi kutenganishwa, kwa kuwa hakuna kinachoruhusu kukata baada ya konsonanti. M ya mtu na n ya nchi, ambazo ni silabi kamili, zinalindwa na kipimo cha herufi mbili.

Kisha zuia irabu kuachana. Silabi za watakaohudhuria ni wa-ta-ka-o-hu-dhu-ri-a, na kisarufi unaweza kukata kabla ya o. Kwa macho ni vibaya: mstari unaanza na ohudhuria, na msomaji anasita. Andika jozi zote 25 za irabu zikiwa na 2 katikati, kuanzia a2a, a2e, a2i hadi u2u. Ruwaza a1 inaruhusu, a2o inakataza, 2 ni kubwa, kwa hivyo neno litakatwa baada ya ao.

Maneno ya mkopo ndiyo yanayohitaji akili. Mengi ya asili ya Kiarabu yana silabi funge, yaani zinazoishia kwa konsonanti, na kanuni ya irabu pekee ingekata da-ftari na ma-ktaba. Ongeza 2f1t, 2k1t, 2k1s, 2b1d, 2s1k, 2l1h, 2l1m na 2h1t. Chukua daftari uone zinavyofanya kazi: a1 inaweka 1 kabla ya f, 2f1t inaweka 2 mahali hapohapo na 1 kati ya f na t, kwa hivyo kunabaki daf-tari. Askari inakuwa as-kari, Alhamisi inakuwa Al-ha-misi, muhtasari inakuwa muh-ta-sari.

Ruwaza hizi zina mtego. 2h1t inaona pia h ya sh. Kwa mashtaka hilo linafaa, kwani tunataka mash-taka; ongeza 2sh1t ili kufunga mlango wa ma-shtaka. Lakini mshtakiwa itakatwa baada ya msh, konsonanti tupu bila irabu hata moja, na hakuna Mswahili anayesoma hivyo. Ongeza .msh2, ambayo nukta yake ya mwanzo ina maana "mwanzoni mwa neno tu". Kwa sababu hiyohiyo ongeza .ms2, isije ikatokea ms-kiti.

Kuhusu st, walimu wenyewe hawakubaliani kama historia ni hi-sto-ri-a au his-to-ri-a, na kistari au wastaafu yanazua ubishi huohuo. Maoni yetu ni kwamba mahali panapobishaniwa pafungwe pande zote mbili: 2s2t. Historia itakatwa histo-ria, na neno refu daima lina mahali pengine pa kukatika.

Sasa sehemu ambayo hakuna faili ya kigeni ingeijua, na ndiyo inayofanya tusisitize kwamba faili ya Kiswahili iandikwe na Waswahili. Kuna maneno ya kawaida kabisa ambayo yakikatwa kwa kanuni sahihi ya silabi, kipande kinachobaki mwishoni mwa mstari huwa neno jingine. Kumaliza, kumaanisha, kunyamaza, kunyanyua: tazama silabi mbili za kwanza za kila moja, kisha fikiria zimesimama peke yake mwishoni mwa mstari mbele ya waumini wote. Dakika moja ya kunyamaza ipo karibu katika kila ratiba ya mazishi. Weka kuma2 na kunya2, bila nukta mwanzoni, ili zinase hata maneno ambayo silabi hizo ziko katikati.

Ya tatu si tusi, lakini katika kijitabu cha mazishi au karatasi ya zahanati inauma zaidi: kufa2. Kufanya, kufahamu, kufanikiwa, kufariji, zote huanza na herufi hizo nne. Kipimo cha herufi tatu hakisaidii hapa, kwa kuwa nya ni herufi tatu kamili. Na mbaya kuliko zote ni alikufanyia, ambayo bila ruwaza hii inaweza kukatwa ikasomeka, kwa sekunde moja, kwamba mtu fulani aliaga dunia. Ukiweka kufa2 itakatwa aliku-fanyia. Pitia maandishi yako ukiwa na sikio la msomaji wa pale pale unapoishi, uongeze mengine unayoyaona. Hatufungi hatakuja, ingawa inaweza kuacha hata mwishoni mwa mstari. Macho yanajisahihisha mara moja na hakuna anayeumia.

Faili ikiwa tayari, ihifadhi kwa jina hyph_sw_KE.dic. Katika Notepad chagua "UTF-8" na siyo "UTF-8 with BOM", kwa sababu BOM huongeza alama zisizoonekana mbele ya mstari wa kwanza na programu inashindwa kuusoma. Kuifunga kama nyongeza ya LibreOffice, njia nyepesi ni kupakua nyongeza yoyote ya kamusi yenye faili ya ukataji, yenye mkia .oxt, kubadilisha mkia uwe .zip na kuifungua. Weka faili yako mahali pa ile iliyokuwemo. Katika dictionaries.xcu, badilisha jina la nodi (kifungu cha mipangilio) ya ukataji liwe HyphDic_sw_KE, njia iwe %origin%/hyph_sw_KE.dic, muundo ubaki DICT_HYPH, na lugha ziwe sw-KE sw-TZ. Ondoa nodi za tahajia zilizobaki. Katika description.xml badilisha kitambulisho, vinginevyo nyongeza yako itaifuta ile ya awali. Kisha funga upya.

Wengi hukwama kwenye hatua hii ya mwisho. Wanabana folda nzima, na ndani ya zip kunakuwa na folda moja yenye kila kitu. Programu inatafuta META-INF na description.xml kwenye ngazi ya juu, haizioni, inakataa. Ingia ndani ya folda, teua vilivyomo vyote, ndipo ubane. Badilisha mkia uwe .oxt, fungua kisimamizi cha nyongeza kwenye menyu ya "Tools", ongeza, na uanzishe programu upya. Rudi "Writing Aids", hariri moduli za lugha, chagua Kiswahili cha Kenya, uhakikishe "Libhyphen Hyphenator" ina alama.

Kwa lugha nyingine za magharibi mwa Kenya, matokeo yanatofautiana. Lahaja za Kiluhya na Ekegusii zina silabi wazi, na ukizipa alama ya Kiswahili zinakatwa vizuri kiasi cha kuridhisha. Tahajia itapiga mistari myekundu kila mahali. Mistari hiyo haichapwi, ipuuze. Dholuo usiipe alama hiyo. Maneno mengi ya Dholuo huishia kwa konsonanti, kama japuonj na wuoth, na kanuni ya kukata baada ya irabu inaelekea kubaya. Kipimo cha herufi tatu kitayaokoa baadhi, ila siyo yote. Yape lugha ya "None", yaache bila kukatwa, na kwa sehemu hiyo uache ukingo wa kulia bila kunyooshwa.

Majina ya watu yasikatwe katika lugha yoyote. Tengeneza mtindo wa herufi uuite Jina, katika kichupo cha fonti weka lugha iwe "None", kisha uutumie kwa marehemu, wazazi, watoto na wakwe. Odhiambo, Nang'ole na Nyaboke watabaki wazima. Kwa nambari ya Paybill au ya simu iliyoandikwa kwa vistari, tumia kistari kisichokatika, Ctrl+Shift pamoja na alama ya kutoa, ili nambari isigawanyike kati ya mistari miwili na mchango ukapotea njia.

Microsoft Word, ambayo saiba nyingi wanayo, ina ukataji wake chini ya "Layout", na njia ya "Manual" inakuuliza neno baada ya neno. Kwa ukurasa mmoja inatosha. Kwa kijitabu cha kurasa 16 inachosha, na haikupi njia rahisi ya kuongeza faili yako ya ruwaza kama Writer. Kwa hilo Writer inashinda waziwazi.

Bila faili yoyote, bado kuna kistari laini: Ctrl na alama ya kutoa, katika Writer na Word pia. Kinaonekana tu pale neno linapofika mwisho wa mstari. Watu wengi badala yake hupiga kistari cha kawaida, mstari unasogea baada ya mtu kuongeza jina moja kwenye orodha ya wajukuu, na kijitabu kinatoka kikiwa na wana-funzi katikati ya sentensi. Ukipokea faili ya namna hiyo, tafuta vistari vyote kimoja kimoja. Usivifute kwa pamoja, maana vingine ni halali. Vistari laini vilivyozidi unaweza kuvifuta kwa mkupuo: fungua kutafuta na kubadilisha, washa "Regular expressions", tafuta \u00AD, acha sehemu ya kubadilishia wazi. Ctrl+F8 huvionyesha kwa kivuli cha kijivu.

Usipeleke .odt wala .docx kwa mchapaji. Kompyuta yake haina nyongeza yako, ukataji wa Kiswahili utazimika, mistari itasogea, na kijitabu cha kurasa 16 kitakuwa cha 17, ambacho hakikunjiki. Toa PDF, fungua hiyo PDF, na usome ukingo wa kulia wa kila safu kutoka juu hadi chini kabla ya kutuma.